Mkufu Wenye Kulabu Nne

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Tottenham ananiuliza swali moja tu: umerudi na tembo au hukurudi naye? Nimeulizwa msikitini, nimeulizwa kwa kinyozi, na jana niliulizwa nikiwa kwenye foleni ya samaki. Nikianza kueleza tangu mwanzo, mtu anaangalia saa yake, na mimi ni fundi saa, najua mtu anaangalia saa kwa sababu gani. Kwa hiyo nimekaa mezani niandike yote, tangu mlangoni kwangu, ili kila mtu asome kwa nafasi yake. Mambo ya tiketi na viza nimeyaruka.

Kwanza niwaeleze wale ambao huwa mnanitania bila kujua ninakusanya nini hasa. Askari akitunukiwa nishani na serikali, hupewa ile kubwa, ya kuvaa kwenye gwaride. Wajerumani wa zamani waliorudi vitani walikuwa na desturi nyingine pia. Mtu akialikwa karamu hakuvaa zile kubwa. Alikwenda kwa sonara akanunua nakala ndogo, kila moja kama ukucha wa kidole cha mwisho, akazitundika kwenye mkufu mwembamba wa kubandika kwenye ukosi wa koti. Hizo ndogo ndizo ninazokusanya. Nishani kubwa inakuambia serikali ilisema nini juu ya mtu. Ile ndogo inakuambia mwenyewe alichagua kusema nini, kwa sababu aliinunua kwa hiari yake na aliivua kwa hiari yake.

Rafiki yangu Bakari huniambia, "Athumani, Wajerumani walitutawala, wakaondoka, na wewe bado unawaokotea vifungo." Sawa. Babu mzaa baba yangu aliachwa mdogo. Baba yake, Mhando, alichukuliwa Handeni kubeba mizigo ya jeshi la Kijerumani, hakurudi, na hakuna karatasi yoyote yenye jina lake. Shangazi yangu, ambaye bado yupo Handeni, ndiye aliyebaki anayemtaja. Nilianza kukusanya nishani hizi nikitafuta tu kujua watu waliomchukua walikuwa watu wa namna gani. Mengine yalikuja baadaye, kama mapenzi yanavyokuja.

Miaka mitatu iliyopita, kwenye mnada mmoja wa vitu vikuukuu hapa London, nilipata mkufu wenye kulabu nne. Tatu zilikuwa na nishani, ya nne ilikuwa tupu. Nikaupiga picha, nikaiweka kwenye ukurasa wa mtandaoni wa wakusanyaji. Mwaka huu nikaandikiwa na mwanamke wa Ujerumani, Birgit. Alisema mkufu ni wa babu yake aliyepigana Afrika Mashariki. Ulifika Uingereza na binamu yao aliyeolewa huku, na alipofariki vitu vyake vikauzwa kwa haraka. Baba yake Birgit, Mzee Ernst, ana miaka tisini na mitatu, haoni tena, na Jumatatu angehamia nyumba ya wazee. Alitaka kuushika mkufu wa baba yake. Mwisho wa barua aliandika: "Nishani ya nne tunayo sisi. Ni tembo."

Tembo huyo nilikuwa nikimjua kwenye vitabu. Ni duara dogo lenye tembo aliyesimama mbele ya mnazi, lilivaliwa na Wajerumani waliotumikia makoloni. Kumpata yule hasa aliyetoka kwenye mkufu wangu ni jambo ambalo mkusanyaji haliombi hata kwenye dua. Tukakubaliana na Birgit hivi: nitauleta, mzee aushike, na akithibitisha kuwa ni wenyewe, tutazungumza nani amwachie nani. Ama nirudi na mkufu uliokamilika, ama nirudi mikono mitupu.

Tottenham hadi Queensbury

Safari ilianza siku moja kabla, kwa sababu mkufu ulikuwa dukani Queensbury, kwenye kasha la chuma la Mzee Kanti, fundi ninayefanya naye kazi. Nilipanda treni ya chini ya ardhi kituo cha Seven Sisters, nikabadilisha Green Park, na kama kawaida tukasimama kizani katikati ya vituo dakika ishirini bila kuambiwa sababu. Nilizitumia kufikiria nitakachosema nikifika Ujerumani. Sikupata kitu.

Mzee Kanti ni Mhindi aliyezaliwa Tanga, barabara tatu kutoka kwetu, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha mwanangu Salma, ambaye ukimwambia kitu kwa Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza. Alikuwa amevaa kioo cha jicho, miwani ameipandisha juu ya kichwa, anafungua saa ya mtu.

"Ndiyo siku yenyewe?" akasema bila kuinua kichwa.

"Kesho asubuhi."

Akautoa mkufu, akauweka kwenye kitambaa, akautazama kwa muda. "Umeubadilisha."

Nilikuwa nimeutengeneza, na nilijivunia. Mkufu ulipofika kwangu, pete tano zilikuwa zimelika, na moja katikati haikuwa pete kabisa. Ilikuwa waya wa shaba uliosokotwa na mtu asiyejua kazi, ncha zake zikitoka nje. Nikaziondoa zote, nikaweka mpya za fedha. Tena nishani zilikuwa zimepangwa kinyume. Desturi yao ni Msalaba wa Chuma kutangulia, lakini huyu bwana alikuwa ametanguliza medali ya duara ya jimbo alikozaliwa. Nikazipanga kama vitabu vinavyosema. Mwisho nikausugua mpaka ukang'aa.

"Umepata uhai," nikamwambia Kanti.

"Umepata uhai mwingine. Vipuri vya zamani viko wapi?"

Hapa niwaeleze jambo la kazi yetu. Fundi saa mwaminifu akibadilisha kipuri hakitupi kile kibovu. Hukitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi, akaandika jina la mwenye saa, akamrudishia pamoja na saa yake. Ndiyo njia ya mteja kujua kwamba kweli kilitolewa kitu na kikawekwa kingine. Kanti alinifundisha hivyo na yeye alifundishwa hivyo Tanga.

"Viko kwenye droo," nikasema.

"Bahasha ina jina gani?"

"Langu. Mkufu ni wangu."

"Basi wewe ndiye mteja. Mteja haondoki dukani kwangu bila vipuri vyake."

"Kanti bhai, ni vyuma vya kutupa."

"Na wewe ni mtu wa kubishana. Tia mfukoni, nenda."

Nikaitia kwenye mkoba wa vifaa, pamoja na koleo, kibano na kioo cha jicho, ili tu anyamaze.

London hadi Brussels

Mke wangu, Mwanaidi, alinifungia kuku wa kukaanga, chapati nne na chupa ya chai, akaniambia nisile vyote kabla ya kufika baharini. Kule kituo cha St Pancras mkoba wangu ulipopita kwenye mashine, mlinzi akaniita pembeni. Akafungua kitambaa, akauona mkufu, akasimama wima.

"Umepigana wapi, bwana?"

"Sijapigana popote. Mimi ni fundi saa."

Akaniangalia, akaangalia nishani, akaangalia koleo. Nilianza kueleza habari ya karamu na sonara, na watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Alipoelewa, alivua saa yake akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini inapoteza dakika kumi kila siku. Nikamwambia asiiweke karibu na simu anapolala. Tukaagana vizuri.

Ndani ya treni nilikaa na mama mmoja wa Bukavu, anayeishi Tottenham mitaa miwili kutoka kwangu, ila tulikuwa hatujawahi kukutana. Jina lake Mama Furaha. Alikuwa anakwenda Brussels kwenye harusi ya mpwa wake, na mapajani alikuwa na sufuria iliyofungwa kwa kanga mbili. Harufu ya sombe, yaani kisamvu, ilijaa behewa zima. Kijana wa mbele yetu alijifunika skafu puani, na Mama Furaha akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama asiyejua kizuri.

Akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwonyesha mkufu na kumsimulia.

"Hizi ni za basoda?" akauliza. Basoda kwao ni wanajeshi.

"Ndiyo, wa zamani sana."

Akacheka hadi sufuria ikatikisika. "Papa, miye nilikimbia basoda nchi nzima, mpaka huku. Weye unabafuata na mkoba?"

Nikamweleza habari ya Mhando. Akaacha kucheka, akafungua kanga moja, akanipakulia sombe kwenye kifuniko cha chupa yangu ya chai, mimi nikampa paja la kuku. Tulikula tukiwa ndani ya handaki, chini ya bahari. Alipokuwa akifunga tena sufuria akasema, "Yule muzee ukifika, umusikilize mbele. Usianze na maneno yako mingi." Kwa dakika arobaini tu za kunijua, alikuwa amenielewa vizuri.

Köln, na nusu kuku

Brussels hadi Köln treni ilisimama mara mbili mashambani, kwa hiyo nilikosa ile ya kuendelea, na ilinibidi kusubiri saa mbili. Kuku wa Mwanaidi alikuwa ameisha. Nilitoka kituoni nikaingia mkahawa wa karibu. Nikiwa Muislamu ugenini huwa nasoma orodha ya chakula kama daktari anavyosoma majibu ya damu, nikitafuta nguruwe. Maneno nisiyoyajua yalikuwa mengi. Lakini palikuwa na kimoja kilichoandikwa nusu jogoo, na kuku wa Kijerumani nilikuwa najua kumsoma. Nikamwonyesha mhudumu kwa kidole.

Akaniletea mkate wa duara mweusi, kipande kinene cha jibini, kitunguu na haradali.

Nikasubiri. Nilidhani kuku anafuata. Nikasubiri mpaka mzee mmoja wa meza ya jirani akaniuliza kwa Kiingereza kama chakula kina kasoro.

"Hakina kasoro. Namsubiri kuku."

Akaweka uma chini. Akanieleza taratibu kwamba katika mji ule nusu jogoo ni mkate na jibini, ni utani wao wa miaka mingi, na kila mgeni huingia mtegoni.

"Na kuku halisi mnamwitaje?"

"Kuku," akasema. "Lakini leo hawana."

Nilikula nusu jogoo wangu wote, na sikujuta. Jibini lilikuwa zuri.

Nusu ya treni

Mji wa Mzee Ernst ni mdogo na sitautaja, kwa sababu Birgit aliniomba. Ni mwendo wa saa mbili kutoka Köln, upande wa milimani. Alikuwa ameniandikia treni, saa, na kituo cha kushuka. Jambo moja hakuliandika, kwa sababu kwake ni kama kuandika kwamba jua huchomoza: treni ile ikifika njiani hukatwa vipande viwili, mbele inakwenda kwao, nyuma inakwenda kwingine.

Mimi nilikuwa nyuma, dirishani, nimeridhika kabisa. Walitangaza, nikasikia sauti nzuri ya mwanamke, nikadhani anatukaribisha. Nilipoona majina ya vituo hayafanani na karatasi yangu, nilishuka haraka. Kilikuwa kituo chenye benchi moja na mwanamke anayemwagilia maua kwenye pipa. Nilimwonyesha karatasi. Akaonyesha kule nilikotoka, akaunganisha ngumi zake mbili, kisha akazitenganisha. Nikaelewa.

Nikampigia Birgit. Alicheka kwanza, kisha akaomba radhi kwa kucheka, kisha akasema, "Usipande chochote. Nakuja na gari."

Nilikaa kwenye lile benchi karibu saa nzima. Nilikuwa nimechoka na nilianza kuogopa. Kama mkono hauna kazi, mimi hutafuta kitu cha kufanya, basi nikautoa mkufu nikaupangusa tena kwa leso, pete kwa pete, ung'ae vizuri mzee atakapoushika. Nakumbuka nilifikiria hivyo hasa: ung'ae. Kwa mtu asiyeona.

Mezani kwa Mzee Ernst

Nyumba ilikuwa nusu tupu. Masanduku yalikuwa ukumbini, na kutani palibaki alama za picha zilizoondolewa. Birgit ni mwanamke wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi, anazungumza Kiingereza polepole na vizuri, na yeye ndiye aliyetutafsiria. Mzee Ernst alikuwa amekaa mezani jikoni, amevaa koti na tai. Amejiandaa tangu saa nane, Birgit aliniambia. Nilikuwa nimemchelewesha saa tatu.

Nilikumbuka maneno ya Mama Furaha. Nikamsalimia, nikamwekea mkufu kiganjani, nikanyamaza.

Akautandaza mezani. Kidole chake cha shahada kikaenda kwenye kulabu ya kwanza, na akasema kwa Kiswahili, "Moja."

Birgit akanieleza kwamba babu yake alirudi na hesabu ya Kiswahili, na baba yake alifundishwa kuhesabu juu ya mkufu huu huu, amepakatwa, kabla hajaanza shule.

Lakini mzee hakufika mbili. Kidole kilibaki pale pale kwenye kulabu ya kwanza, kikizunguka pembe za msalaba. Kikaenda kwenye pete, kikarudi. Akausukuma mkufu katikati ya meza.

"Si wenyewe," akasema.

"Baba, una herufi za jina la babu nyuma," Birgit akamwambia.

"Herufi sizioni. Huu ni laini. Wa baba haukuwa laini. Na nishani ya kwanza ilikuwa ya duara." Kisha akanigeukia, ila kidogo kando ya pale nilipokuwa nimekaa. "Mwambie asante kwa kuja. Si kosa lake."

Marafiki, nitawaambia ukweli, kwa kuwa nimeamua kuandika yote. Kwa dakika nzima nilinyamaza, na haukuwa unyamavu mzuri. Nilijua kilichotokea. Nilijua pia kwamba nikiendelea kunyamaza, mkufu ni wangu na hakuna atakayenilaumu. Mwenyewe ameukataa. Ningeufunga kwenye kitambaa, nikanywa chai, nikarudi London nao. Birgit alikuwa ameinamisha uso, na ningeweza hata kumwomba tembo, kwa kuwa kwao sasa hakuwa na mkufu.

Mzee aliikunjua mikono yake mezani, mitupu, akawa anaipapasa mbao ya meza kama mtu anayejizoeza kuiacha.

Nikafungua mkoba, nikatoa bahasha ya Kanti, nikaimimina kwenye kisahani. Pete tano zilizolika na ule waya wa shaba. Nikakisukuma kisahani mpaka kikagusa vidole vyake.

Alizigusa moja moja. Alipofika kwenye waya, akaushika kati ya vidole viwili, akatafuta ncha yake iliyochomoza, akaibonyeza.

"Huu," akasema. "Huu ulinichoma nikiwa na miaka mitano. Nilitoka damu, mama akamgombeza baba. Baba akasema ataupeleka kwa sonara." Akatabasamu. "Hakuupeleka."

"Mwambie," nikamwambia Birgit, "kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeupeleka kwa sonara. Na sonara ni mimi."

Alipotafsiri, mzee alicheka cheko la kikohozi, la muda mrefu. Kisha akauliza kama sonara anaweza kuuharibu tena.

Nikavaa kioo cha jicho. Ilichukua saa moja na nusu. Sijawahi kufanya kazi ya namna ile, kutoa kizuri na kurudisha kibovu, na mkono ulikuwa ukikataa. Kila pete niliyorudisha alitaka kuigusa kabla sijaendelea. Mara mbili alisema hapana, hii ilikuwa mbele zaidi, na nilipoangalia alama za msuguano niliona yuko sahihi. Mwishoni nikazipanga nishani alivyotaka: ya duara mbele, Msalaba wa Chuma nyuma yake, kisha ile ya tatu yenye panga. Nilimuuliza kwa nini baba yake alivunja desturi. Akasema kwamba ya jimbo lake alipewa na watu wanaomjua, na ile nyingine na watu wasiomjua. Kitabu changu hakina sentensi hiyo.

Akautandaza tena. "Moja," akasema. "Mbili. Tatu." Na kidole kikafika kwenye kulabu ya nne, tupu, kikaigonga mara moja, taratibu. Basi. Akafunika mkufu wote kwa kiganja.

Nikamwambia Birgit kwamba mkufu unabaki. Sikuumia kama nilivyodhani nitaumia. Birgit akainuka, akarudi na kopo la vifungo, na kutoka chini ya vifungo akatoa tembo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwota, mnazi umepinda kidogo. Akaniambia, kama mtu anayelipa wema kwa wema, "Basi wewe mwenyewe umtundike. Ukamilike."

Nilikuwa tayari na koleo, nimeifungua kulabu ya nne, wakati mzee alipoweka kidole juu yake.

"Hapo hapana kitu," akasema.

Akatueleza, na Birgit mwenyewe alikuwa hajawahi kusikia. Baba yake alirudi siku moja kutoka karamu ya wakongwe wa vita, akakaa jikoni bila kuvua koti, akamng'oa tembo kwa vidole na kumtupa kwenye kopo la vifungo. Mama akauliza kuna nini. Akasema, "Walinyanyua bilauri kwa ajili ya wote waliokuwa kule. Nikatazama meza. Wengi waliokuwa kule hawakuwa mezani." Aliendelea kuvaa mkufu katika kila karamu, na kulabu tupu, na wenzake walipomuuliza tembo yuko wapi aliwaambia hajui. Hivyo ndivyo ulivyofika London baadaye. Haukuwahi kupotelewa na kitu.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwaonyesha watu mkufu ule na kuwaambia una upungufu.

Mzee akauliza natoka wapi. Nikamwambia Tanga, na kwamba asili yetu ni Handeni. Akasema baba yake aliitaja Tanga. Akauliza kama kulikuwa na mtu wetu katika vita ile. Nikamwambia habari ya Mhando, mpagazi, asiyerudi. Sikusema kwamba Mhando alibeba mizigo ya baba yake Ernst. Wapagazi walikuwa wengi mno, na uongo mtamu sio wa kumpa mzee wa watu. Nilisema tu jina lake na kwamba shangazi bado analitaja.

"Mhando," akasema, akijaribu. Akamtafuta tembo mezani kwa kupapasa, akampata, akamsukuma mpaka kwenye mkono wangu.

Kurudi

Nilibaki hadi Jumatatu, nikambebea mzee kiti chake mpaka nyumba ya wazee. Alikwenda na koti lile lile, mkufu kwenye ukosi. Hatujamaliza hata ukumbi, mama mmoja mwenye kigari cha kutembelea akamsimamisha, akainama, akauliza mbona moja haipo. Mzee akavuta kiti. Nilimwacha akieleza. Birgit aliniambia njiani kwamba baba yake alikuwa akiiogopa sana siku ile, na sasa haogopi.

Safari ya kurudi ilikuwa fupi kama za kurudi zinavyokuwa. Nilikaa nusu ya mbele ya treni. Köln nilikula nusu jogoo kwa hiari yangu. Jumanne mchana nilipitia Queensbury kabla hata ya kwenda nyumbani.

Mzee Kanti alikuwa na saa ya mtu mbele yake. "Mkufu?"

"Umebaki."

"Tembo?"

Nikaweka bahasha kwenye kaunta. Ilikuwa ile ile ya vipuri, nilikuwa nimemtia humo. Akamtoa kwa kibano, akamtazama kwa kioo chake muda mrefu, akamrudisha.

"Hapa pameandikwa Athumani. Ni wako?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimemtafuta miaka mitatu, nimekula mkate badala ya kuku kwa ajili yake. Kanti akanisukumia kalamu. Nikakata jina langu, nikaandika chini yake: Mhando.

"Na siku ya kuchukuliwa?" Kwenye bahasha zetu kuna mstari wa hilo.

"Desemba," nikasema. "Nitampelekea shangazi, Handeni."

"Andika."

Nikaandika. Kanti akaifunga bahasha, akafungua droo ya kulia, ile ya kazi zilizokwisha na zinazowasubiri wenyewe, akaiweka humo pamoja na nyingine, akarudi kwenye saa ya mtu.